Mwezi Uliogoma Kuchomoza

Katika miaka thelathini ya upolisi Afande alikuwa ameitwa kutazama maiti za kila namna, lakini hii ilikuwa ya kwanza kuwa na feni tatu zinazozunguka.

Ilisimama juu ya meza karibu na dirisha: kasha la bati lenye ubavu mmoja wa kioo, taa ya kijani ikiwaka tumboni. Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja tu wa maandishi meupe katika weusi mtupu: *Hakuna diski ya kuwashia.*

"Tangu lini?" Afande aliuliza.

"Tangu alfajiri. Jana saa mbili usiku niliizima nzima kabisa. Leo naiwasha nimalizie kazi, nakuta hivyo."

Aliyejibu ndiye mwenye meza, mchoraji aliyeitwa Mama Katuni na mtaa mzima, ingawa watoto wake wote mpaka siku hiyo walikuwa wa penseli. Kwa miaka minne alikuwa akichora filamu ya panya mnene anayetaka kuwa rubani. Ilikuwa ioneshwe leo saa kumi jioni katika ukumbi wa maktaba ya watoto, na viti mia mbili vilishapangwa.

"Huna nakala?"

"Michoro ninayo nakala. Lakini lazima mashine iviunganishe vipande vyote viwe filamu moja, na hiyo ni kazi ya saa mbili na nusu. Programu yangu haikubali mfumo mwingine ila Mwezi, na Mwezi ninao humu tu. Ikifika saa saba mchana haijaamka, Afande, nitasimama mbele ya watoto mia mbili niwasimulie kwa mdomo."

Afande alitazama saa yake. Saa tatu na robo. Alitoa daftari.

"Mwezi ndiyo nini?"

Mama Katuni alieleza, huku akizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kulikuwa na kampuni iliyotengeneza kompyuta zenye nembo ya mwezi mwembamba, na mfumo wa kuziendesha ulioitwa hivyo hivyo, Mwezi. Vitu hivyo viliuzwa pamoja, kama mlango na fremu yake, na masharti ya kampuni yalikataza mfumo kukaa ndani ya kompyuta ya mtu mwingine. Bei ya kompyuta hizo ilimtoa mtu machozi. Ndipo baba mkwe wake, fundi saa mstaafu aliyetengeneza saa za mkono kwa miaka arobaini, alipojitosa. Alitafuta vipuri kimoja kimoja, akaviunga mwenyewe, kisha akakaa miezi mitatu akiubembeleza Mwezi ukubali kuishi humo.

"Kwa hiyo mashine hii inajifanya ndugu wa ukoo usio wake."

"Kwa heshima zote, ndiyo."

"Niliwahi kumkamata mtu kwa kosa hilo. Alikula kwenye harusi tatu kwa siku moja." Afande aligeuza ukurasa. "Usitetemeke. Nimestaafu, na hilo silo lililonileta."

Shangazi aliingia na maji kwenye sinia. Alikuwa dada yake fundi saa, mfupi, mwenye kitambaa cha kufutia begani, na sifa yake kuu ni kwamba hakuna kitu kilichowahi kulala juu ya meza yake zaidi ya dakika tano.

"Karibu maji, Afande. Kazi ya watu inataka koo lenye unyevu."

Afande alikunywa. Maji yalikuwa na harufu ya mafuta ya mashine kwa mbali, lakini mgeni hachagui glasi. Aliyamaliza kwa adabu na kuanza kazi.

Kitasa cha mlango kilikuwa kizima. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani, na nondo zake hazingepitisha hata yule panya rubani. Aliwasha kurunzi na kumulika nyuma ya mashine. Huko kulikuwa na vumbi la mwaka mzima, limelala sawasawa juu ya matundu yote isipokuwa moja, la tatu kutoka juu. Kulizunguka hilo palikuwa na alama safi, ndogo kama ukucha.

"Hapa kwenye tundu la tatu hukaa nini?"

"Mimi sijui ya nyuma. Tuna mpaka, Afande. Mbele kwangu, nyuma kwa Baba."

Afande aliandika: *Tundu la tatu. Safi.* Ukutani, juu ya skrini, palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa za mkono wa mzee: USIKUBALI SASISHO. Alikuwa bado anaisoma mlango ulipofunguka, akaingia mwanamume mwembamba mwenye chaki kwenye mikono ya shati. Alikuwa mume wa Mama Katuni, mwalimu wa hisabati. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, tayari kwa pingu.

"Ni mimi," alisema Mwalimu. "Nimeua mimi."

"Umefanya nini?" mkewe alifoka.

"Jana ulipokwenda kuoga, kilitokea kidirisha. *Sasisho jipya lipo, unakubali?* Kiliuliza vizuri tu. Nikaona ni adabu kukubali."

"Na hiyo karatasi ukutani ni pambo? Mashine ya kuunga nyumbani haisasishwi ovyo! Kampuni ikibadilisha kitu kimoja tu, yetu inabaki haijui nyumbani ni wapi!"

"Nyamazeni kidogo," alisema Afande. "Mama Katuni, imewahi kuharibika kwa sasisho?"

"Mara moja, mwaka juzi."

"Ulipoiwasha, uliona nini?"

"Mwezi ulitokea kwenye skrini kama kawaida, halafu ukaganda hapo hapo."

"Na leo mwezi umetokea?"

Mama Katuni alitazama skrini, akamtazama mumewe. "Haujatokea kabisa."

"Basi mashine haijafika hata mlangoni kwa Mwezi, seuze kugombana naye humo ndani. Mwalimu, shusha mikono. Wewe ni mkaidi, lakini si muuaji."

Mwalimu alikaa kitako kwenye kiti cha karibu na kuvuta pumzi ndefu. Mkewe alimpiga kofi la bega, la kumsamehe nusu.

Saa nne na nusu Afande alikwenda chumba cha nyuma kumwona fundi mwenyewe. Alimkuta kwa magoti, kichwa chini ya benchi lake la kazi, soksi zikitazama mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," lilijibu benchi.

"Umepoteza kitu?"

"Kamani. Kamani ya saa. Imeniruka."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mashine ya mkwe wako unaionaje?"

Mzee alitoa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na shavuni alikuwa na uzi wa utando wa buibui. "Imechoka labda. Hata mimi nimechoka. Labda nilijidai kuunga nisichokijua, Afande. Vitu vya kiwanda viachiwe kiwanda." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayezika, kisha akarudi mvunguni.

Afande hakuondoka mara moja. Benchi lilikuwa safi kupita kiasi. Saa tano zilipangwa mstari mmoja, zote zimefunikwa migongo, zote zikienda. Pembeni palikuwa na bisibisi nane, koleo ndogo, kitambaa chenye doa la kijivu na kibomba cha grisi ya rangi hiyo hiyo. Alirudi kumuuliza Mama Katuni kuhusu kibomba hicho.

"Hupakwa juu ya prosesa, ubongo wa mashine, isichemke. Ukiunga kompyuta lazima uishike, na ikikushika haitoki. Baba akifanya kazi tunaifuta mpaka kwenye vikombe."

"Jana aliingia nani mwingine humu?"

"Mtu mmoja tu. Muuza Mwezi."

Shangazi aliyekuwa akifuta dirisha safi aligeuka. "Yule wa duka la barabara kuu, mwenye tai ya kijani! Alikuja saa kumi, ati anataka katuni ya tangazo. Katuni gani? Hakutazama mchoro hata mmoja. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya mashine akachungulia kama anayetafuta mkia. Nikamwambia kaka yangu pale pale, huyu katumwa na kampuni."

"Na kaka yako alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikaa kimya mpaka kulala."

Duka la Mwezi lilikuwa jeupe kuanzia sakafu hadi dari, na kompyuta zake zilipangwa kwa kuachana kama wagonjwa wa daraja la kwanza. Mwenye tai ya kijani alimpokea Afande kwa tabasamu la kazini.

"Karibu sana, Mama. Unatafuta ya ofisini au ya nyumbani?"

"Natafuta ukweli. Nimeambiwa upo kwenye kila rangi." Afande alimwonesha kadi yake. "Jana saa kumi ulikuwa nyumbani kwa Mama Katuni."

Tabasamu lilipungua. "Nilikwenda kuagiza tangazo."

"Lenye picha ya nini?"

"Ya... ya kompyuta."

"Mmh." Afande aligonga mgongo wa kompyuta iliyokuwa karibu. "Hizi mnazifungua hapa dukani? Kuzisafisha, kubadilisha feni?"

"Hazifunguliki, Afande. Zimezibwa kiwandani. Hapa hatuna hata bisibisi."

"Basi hiyo kwenye kidole gumba umeipata wapi?"

Kijana wa watu aliutazama mkono wake. Pembeni mwa ukucha palikuwa na mstari wa kijivu. Aliuficha mkono nyuma, akagundua kuwa kuuficha ni kukiri, akautoa tena.

"Rangi," alisema.

"Ninao mashahidi wanaosema ni grisi ya prosesa. Mtu anayeuza kompyuta zisizofunguka, usiku anafungua za nani?"

Muuza Mwezi alitazama kushoto, akatazama kulia. Dukani hapakuwa na mteja. Aliinama mpaka tai ikalala juu ya meza.

"Yangu," alinong'ona. "Nimeiunga mwenyewe. Mshahara wa kuuza hivi vitu hautoshi kuvinunua. Inaendesha Mwezi vizuri kabisa, Afande, ila ni bubu. Miezi sita sasa haitoi sauti. Nikiweka muziki nauona kwenye skrini unaruka ruka, masikio yananing'inia tu. Nilisikia ile ya mzee fundi saa inaimba. Nilikwenda kumwomba anifundishe. Nikafika, yule mama mwenye kitambaa akanitolea macho, tai ikanibana, nikatunga habari ya tangazo."

Afande alijikuta anataka kucheka, akajikohoza. "Ulichungulia nyuma."

"Kuona jinsi alivyopanga. Ana akili yule mzee! Waya zote zimefungwa kwa uzi wa kushonea. Na kiflashi chake, kidogo cheusi kama ukucha, kakichomeka tundu la tatu kutoka juu, pale ambapo..."

"Sema tena."

"Tundu la tatu kutoka juu."

Afande alifungua daftari. "Leo tundu hilo ni tupu."

Muuza Mwezi alishika kichwa. "Tupu? Basi hiyo mashine haiwezi kuamka! Kiflashi ndiyo barua ya utambulisho, Afande! Ukiiwasha, mashine inaisoma barua kwanza. Barua inaueleza Mwezi: huyu ni wenu, mpokeeni, ubao wake ni huu, kadi yake ya picha ni hii. Bila barua inasimama nje haijui hata diski iko wapi. Ikishaamka, barua unaweza hata kuichomoa."

"Yako inaweza kuazimwa?"

"Haifai. Kila barua huandikwa kwa vipuri vya mashine yake. Ya kwake kaiandika miezi mitatu."

Afande alifunga daftari taratibu. Sasa alijua silaha, na alijua kwamba mtu huyu hakuwa ameishika, kwa maana mwenye kuiba barua haelezi imekaa tundu la ngapi. Kikulacho ki nguoni mwako. Ilikuwa saa sita na dakika tano.

"Funga duka," alisema. "Chakula cha mchana chako leo kitakuwa kwa miguu."

Walikuta familia imekaa sebuleni kama matanga. Shangazi alipoiona tai ya kijani alisimama na kitambaa chake, lakini Afande alimwashiria akae. Alimwendea mzee, aliyekuwa amejikunyata kwenye kona ya kochi.

"Mzee, kamani umeipata?"

"Bado."

"Ilitoka kwenye saa gani?"

Mzee aligeuza macho kuelekea chumba cha nyuma.

"Saa zako tano zote zimefunikwa na zote zinaenda," Afande alisema kwa upole. "Saa isiyo na kamani haiendi. Nawe tangu asubuhi hujaikaribia mashine uliyoiunga kwa mikono yako, hata kuigusa. Mganga hakimbii mgonjwa wake, ila akijua mwenyewe kilichompata."

Mama Katuni alimtazama baba mkwe wake. "Baba?"

"Ile flashi ya nyuma niliichomoa mimi," alisema mzee. "Nilipomwona huyu na tai yake, nikasema kampuni imetufikia. Kesho atarudi na wenzake, waikute mashine inaendesha Mwezi, mkwe wangu aaibike. Nikaona heri waikute imelala. Nilijua filamu imeshakwenda ukumbini, mwanangu, wallahi nilijua hivyo. Alfajiri nikakusikia unalia. Nikaenda kuichukua niirudishe, sikuikuta. Ningekwambiaje? Miaka arobaini sijapoteza hata parafujo moja ya mteja, nije kupoteza kitu chako wewe."

Mama Katuni alipiga magoti mbele yake na kumshika mikono.

"Uliiweka wapi?" Afande aliuliza.

"Mahali pa vitu vidogo. Kwenye benchi, chini ya glasi iliyopinduliwa. Ndivyo tunavyofanya mafundi saa, kitu kisipeperuke. Asubuhi hata glasi sikuiona."

"Glasi," alisema Afande. Alikumbuka maji ya asubuhi na ile harufu ya mafuta. Aligeuka polepole. "Shangazi, ile glasi uliyonipa maji uliitoa wapi?"

"Si hiyo ya kwenye benchi? Imelala kifudifudi usiku kucha, mtu mzima na meza chafu. Nimeichukua nikaisuuza."

"Kuisuuza tu?" mzee alilia.

"Kuisuuza na sabuni! Mnanionaje?"

"Na chini yake kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu. Kifungo tu. Kifungo cheusi cha koti, nikakitia kwenye kopo la vifungo."

Wote walisimama kwa mpigo mmoja. Kopo lilikuwa la bati, zito, lenye vifungo vya nguo zote zilizowahi kuzeeka katika ukoo ule. Afande alilimimina juu ya zulia. Vifungo vilitawanyika mamia kwa mamia, na karibu nusu yake vilikuwa vyeusi. Wote walipiga magoti, Muuza Mwezi akitupa tai begani, Mwalimu akipendekeza wagawe zulia kwa miraba.

"Saa saba kasoro ishirini," alitangaza Afande, magoti yakimlalamikia.

"Nipisheni," alisema mzee.

Alikuwa ametoa kilenzi chake cha kazi na kukibana jichoni. Aliinama juu ya rundo, mikono nyuma, kama alivyoinama maelfu ya mara juu ya saa za watu. Kichwa kilikwenda kushoto, kikarudi, kikasimama. Mkono ulishuka na koleo ndogo, ukapanda na kitu cheusi chenye meno manne ya dhahabu.

"Huyu hapa," alisema. "Huyu hana matundu ya uzi."

Alikichomeka mwenyewe, tundu la tatu kutoka juu. Mama Katuni alibonyeza kitufe. Feni zilivuma. Skrini ilikuwa nyeusi, ikaendelea kuwa nyeusi. Kisha katikati ya weusi ukachomoza mwezi mwembamba mweupe, na chumba kizima kikapiga kelele hata jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Shangazi alimkumbatia mtu wa karibu yake, na alipotazama vizuri alikuwa ni mwenye tai. Alimkumbatia tena.

Kidirisha kilitokea. *Sasisho limeshindikana. Ujaribu tena?*

"HAPANA!" walisema watu sita, na Mwalimu ndiye aliyepaza sauti zaidi.

Saa saba kasoro dakika tano mashine ilianza kuunganisha filamu. Mzee alimgeukia mgeni wake.

"Sasa, bwana, utatushitaki?"

"Nikikushitaki wewe, mzee, ya kwangu nitaipeleka mahakama gani?" Muuza Mwezi alipiga goti. "Nina mgonjwa nyumbani. Ni bubu."

Mzee alimtazama kwa jicho la kilenzi, kubwa kama la bundi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka. "Kesho uje naye. Na tai uiache."

Saa kumi jioni ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Afande alipewa kiti cha mbele, pembeni ya mzee. Kwenye kifua cha shati la mzee palikuwa na kifuko kipya, bado kina alama za chaki, alichoshona Shangazi mchana huo huo na kukifunga kwa kifungo kikubwa chekundu. Ndani yake ilikaa barua. Mzee aliifunika kwa kiganja taa zilipozimwa, na hakukiondoa kiganja hicho panya alipoamka, wala alipojenga ndege kwa makopo na vijiko, wala marubani wa kweli walipomcheka. Kila baada ya dakika alibonyeza kidogo, kuhakikisha ipo.

Halafu panya akapanda kwenye ndege yake ya makopo. Ilikohoa, ikatikisika, ikamwaga kijiko kimoja, na panya, ambaye sauti yake ilikuwa ya mzee mwenyewe, iliyorekodiwa kwa ajili ya filamu, akaiambia ndege, "Haya mama, tumefanana nao, twende!" Ndege ikaacha ardhi. Watoto mia mbili walisimama juu ya viti wakipiga mayowe. Mzee alikisahau kifuko, akasimama pamoja nao, akapiga makofi kwa mikono yote miwili.